Usiku wa filamu za kutisha na kuchekesha Kigoma: mwongozo kamili kwa mwandaaji

Filamu ya vita ukiionyesha kwa spika mbovu, watu bado watafurahia. Ya mapenzi, hata umeme ukikatika katikati, watasubiri. Inayotisha na kuchekesha kwa pamoja haina huruma hiyo. Kazi yake yote iko kwenye kimya: sekunde mbili tatu kabla kitu hakijatokea, kisha nafasi ya watu kucheka kwa kujishangaa walivyoruka. Jenereta ikivuma nyuma ya benchi, mtafsiri akishindwa kufunga mdomo, au sauti ikichelewa nusu sekunde, hutapata woga wala kicheko. Hatua zote zilizo hapa chini, kuanzia filamu mpaka waya, zinalinda kimya hicho. Zinafaa kibanda umiza cha Mwanga au Gungu sawasawa na uwanja wa wazi Ujiji.

Kuchagua filamu

Anza kwa kuangalia projekta yako, ndipo uangalie orodha ya filamu. Filamu nyingi za kutisha zimepigwa usiku, na projekta dhaifu kwenye shuka haionyeshi usiku huo. Watu wanasikia mayowe lakini hawamwoni anayeliwa. Kama projekta haifiki lumeni 3,000 za kweli (lumeni ni kipimo cha mwanga; zile zinazoandikwa kwenye maboksi ya projekta ndogo za bei rahisi mara nyingi ni chumvi), tafuta filamu ambayo balaa linatokea mchana.

Ya kufungulia ni Tremors ya mwaka 1990, ya Kevin Bacon na Fred Ward. Minyoo mikubwa inasafiri chini ya ardhi katika kimji cha jangwani huko Nevada, Marekani, na inawinda kwa kusikia mtikisiko wa hatua. Vituko vingi vikubwa viko juani kabisa, kwa hiyo hata projekta ya lumeni 2,000 itakutoa. Kanuni yake inaeleweka bila lugha: ukitembea umeliwa, ukipanda juu ya mwamba umepona. Wahusika wanapotulia, ukumbi nao unatulia. Hakuna filamu inayowafundisha watu kukaa kimya kirahisi kama hii, na ndiyo maana inatangulia kabla ya nyingine zote.

Kwa kibanda kilichozoea kung fu, weka Mr. Vampire ya Hong Kong, 1985, iliyoongozwa na Ricky Lau. Lam Ching-ying ni mtaalamu wa Kitao, dini ya jadi ya Uchina, anayepambana na maiti zinazoruka-ruka miguu imebanana na mikono imenyooshwa mbele. Maiti hizo zinafuata pumzi: ukibana pumzi, hazikuoni. Ukizibandika karatasi ya njano yenye maandishi kwenye paji la uso, zinasimama. Kuna na mchele wa kunata unaotumika kuondoa sumu, na mwuza duka anayechanganya mchele usio wenyewe. Mweleze mtazamaji mambo haya matatu kabla ya kuanza, basi. Lugha ni ya Kikantoni, kwa hiyo wote mko sawa, hakuna anayejifanya anaelewa kuliko mwenzake. Mwigizaji akibana pumzi, utaona nusu ya ukumbi nao wamebana.

Ujiji wapenzi wa filamu za Kihindi hawakosekani. Wape Stree ya 2018, ya Rajkummar Rao na Shraddha Kapoor, iliyoongozwa na Amar Kaushik. Katika mji wa Chanderi, mzuka wa kike unachukua wanaume usiku na kuacha nguo zao tu. Utani mzima ni kugeuza mambo: wanaume ndio wanaofungiwa ndani wakiogopa kutoka, na kwenye kuta za nyumba yameandikwa maneno ya kumwomba mzuka arudi kesho. Akina mama watacheka kabla ya wanaume. Inazidi saa mbili, kwa hiyo iweke kibandani na upange mapumziko. Bhool Bhulaiyaa ya 2007, ya Akshay Kumar na Vidya Balan, nayo ni nzuri, lakini ina dakika zaidi ya 150 na woga wenyewe unachelewa kufika. Iweke Jumapili mchana kibandani, si usiku uwanjani. Na usiruke nyimbo ili kuokoa muda. Kuna watu wamekuja kwa ajili ya nyimbo.

Evil Dead II ya Sam Raimi (1987) ina dakika 84 na maneno machache. Bruce Campbell anapigana na mkono wake mwenyewe: mkono umeingiliwa na pepo, unamvunjia sahani kichwani, unamburuza sakafuni. Kituko hicho hakihitaji mtafsiri hata kidogo. Ubaya wake ni damu nyingi, tena ya rangi rangi, na ni filamu ya watu wazima. Iwe akiba yako ya siku ya mvua, kwa sababu itakayoelezwa kwenye sehemu ya Sauti hapa chini.

Shaun of the Dead (2004) ya Edgar Wright inapendwa duniani kote, lakini hapa inahitaji akili. Robo tatu ya utani umo ndani ya maneno ya Kiingereza cha London. Kinachookoa ni utani wa macho. Shaun anatoka nyumbani asubuhi kwenda dukani, kamera inamfuata moja kwa moja, anasalimia, anajikwaa, anarudi. Baadaye anafanya safari ileile mji ukiwa umeshavamiwa na mazombi, kuna alama za damu kwenye friji ya dukani, na yeye na usingizi wake haoni kitu. Mtazamaji anaona kabla yake. Kama mtafsiri atasema «oneni damu hiyo», ameua kila kitu. Kwenye safari ya pili kipaza sauti kizimwe kabisa.

Tucker & Dale vs Evil (2010) ni ya watu wawili wa shamba, wapole, ambao vijana wa chuo wanadhani ni wauaji; vijana wanakimbia ovyo na kujiua wenyewe kwa ajali. Mtu asipoelewa kutoelewana huko mapema ataiona ni filamu ya mauaji tu, kwa hiyo mtafsiri afanye kazi sana dakika 20 za mwanzo kisha apumzike. Kuna mtu anayeangukia mashine ya kusaga matawi, kwa hiyo watoto wasiwepo.

One Cut of the Dead ya Japani (2017) ni ya wajuzi. Dakika 37 za mwanzo ni kipande kimoja kisichokatwa, cha filamu ya mizuka iliyotengenezwa vibaya: kamera inatetemeka, waigizaji wanasita, kuna ukimya wa ajabu. Wateja wataanza kuondoka. Ubovu huo ni wa makusudi, na sehemu ya pili inalipa kila kosa mliloliona. Tangaza mlangoni kwamba atakayetoka kabla ya dakika ya 40 amejipunja, lakini usieleze kwa nini.

An American Werewolf in London (1981) ina mabadiliko ya mtu kuwa mbwa mwitu yaliyofanywa na Rick Baker kwenye sebule yenye taa zinazowaka, bila kompyuta, na ndiyo iliyopata Oscar ya kwanza kabisa ya urembeshaji wa waigizaji. Ina picha za utupu pia. Usiiweke mbele ya wakwe.

Za watoto ni ngumu kidogo. Abbott and Costello Meet Frankenstein (1948) ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ina dakika 83, haina damu, na mnene na mwembamba wanaokimbia mizuka hawahitaji tafsiri. Gremlins ya 1984 watu huidhania ya watoto kwa sababu ya kile kinyama kizuri cha mwanzo. Huko Marekani ilikuwa miongoni mwa filamu zilizosababisha waanzishe daraja jipya la umri mwaka huohuo, baada ya wazazi kulalamika. Iwe ya miaka 12 na kuendelea, kwa maoni yetu.

Usiweke Scary Movie (2000) kwenye uwanja wa familia hata vijana wakiiomba vipi. Utani wake mwingi ni wa kitandani, na nusu ya uliobaki unadai uwe umeshaona Scream ya 1996. Braindead ya Peter Jackson (1992) nayo iache. Damu yake imepita kiasi, na watu wametoka kula.

Kibali na umri

Kuonyesha filamu hadharani kunasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, chini ya Bodi ya Filamu. Anzia kwa ofisa utamaduni wa halmashauri, atakueleza kibali kinachotakiwa na madaraja ya umri. Haki ya kuonyesha ni jambo jingine: diski au faili uliyonunua kwa ajili ya nyumbani haikupi ruhusa ya kutoza kiingilio. Kama ni uwanja wa wazi, mpelekee taarifa mtendaji wa mtaa na majirani, na uwaambie wazi kwamba kutakuwa na mayowe. Yowe la saa tatu usiku lisilo na maelezo litaleta watu na marungu.

Saa ya kuanza

Kigoma iko magharibi kabisa, kwa hiyo giza linachelewa kama dakika 40 nyuma ya Dar es Salaam. Jua linazama karibu saa moja na kitu. Ratiba ya kuanza saa moja kamili, nzuri kwa Dar, hapa itakupa shuka jeupe lisilo na picha. Kwa uwanja wa wazi Ujiji, subiri swala ya Isha imalizike, anza saa mbili na nusu, onyesha filamu moja isiyozidi dakika 100. Saa nne na robo watu wawe njiani na bodaboda zikiwa bado zipo. Mbili mfululizo ni za kibandani, mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia au turubai jeusi.

Kioo cha picha na projekta

1. Shona shuka mbili nyeupe zisizo na maua kupata upana wa mita 2.4. Nyuma yake shonea kitambaa cheusi, la sivyo mwanga unapenya na picha inafifia.

2. Ukingo wa chini uwe mita 1.3 kutoka ardhini. Hapo ndipo maandishi ya tafsiri yanapotokea, na vichwa vya walio kwenye mabenchi ndivyo vinavyoyafunika. Mbele kabisa tandika mikeka ya watoto, kisha mabenchi, wanaosimama wawe nyuma ya projekta.

3. Funga shuka kwenye ukuta. Usiku upepo mara nyingi unashuka kutoka milimani kwenda ziwani, na shuka lililotundikwa kati ya miti miwili linapepea; sura ya mzuka ikipepea, watu wanacheka pasipotakiwa. Kama hakuna ukuta, pitisha bomba la chuma kwenye pindo la chini na lifunge pande zote mbili.

4. Projekta nyingi za kawaida zinataka umbali wa mara 1.5 hadi 2 ya upana wa picha. Kwa mita 2.4, iweke kati ya mita 3.6 na 4.8. Ipandishe juu ya meza imara. Ikitetemeka mtu akipita, utaona kwenye ukuta.

5. Weka picha kwenye hali ya sinema au ya kawaida, si ile inayong'arisha kila kitu kuwa bluu. Kisha ongeza mwanga kidogo tu mpaka uone nywele za mhusika kwenye tukio la usiku.

Msimu wa mvua kuna adui mmoja hasa: kumbikumbi. Mmoja akitembea juu ya lenzi, kwenye shuka anaonekana mdudu wa ukubwa wa ng'ombe, na kwenye filamu ya kutisha ukumbi mzima unasimama kukimbia. Washa balbu kali mita 15 pembeni, ng'ambo ya watazamaji, na uweke beseni la maji chini yake. Watakwenda huko. Asubuhi kuna watakaokushukuru kwa kitoweo.

Sauti

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Filamu hizi zinashusha sauti mpaka mnong'ono, kisha zinapiga ghafla. Kwenye sabufa ya nyumbani, mnong'ono hausikiki na mpigo unapasua spika. Watu wengi wanapandisha besi ili mtu aogope. Matokeo ni ngurumo isiyo na maneno.

Punguza besi mpaka robo ya kitasa, pandisha sauti nyembamba mpaka robo tatu. Spika ziwe pande zote mbili za shuka, juu ya kiti, usawa wa sikio la aliyeketi. Ukiziacha sakafuni, mstari wa mbele unakula sauti yote. Kabla watu hawajafika, fungua tukio lenye kelele kuliko yote kwenye filamu, pandisha mpaka spika inapoanza kukwaruza, kisha rudi nyuma kidogo na uweke alama ya kalamu kwenye kitasa. Hapo ni mwisho, usivuke usiku huo.

Sasa cheza maongezi ya chini. Kama hayasikiki nyuma, usiguse kitasa. Kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na E, nenda sehemu ya sauti, fungua Compressor: kiwango cha kuanzia −20, uwiano 3, nyongeza ya mwisho 6 hadi 8. Itainua mnong'ono na kubana mpigo. Usizidishe uwiano zaidi ya 4, kwa sababu ukisawazisha kila kitu hakuna kitakachomshtua mtu.

Tumia waya, si Bluetooth. Bluetooth inachelewesha sauti, na mlango unaofunguka kwanza kisha ukalia baadaye haumtishi mtoto. Kama sauti imeshachelewa kutoka kwenye faili lenyewe, herufi J na K kwenye VLC zinaisogeza, na G na H zinasogeza maandishi ya tafsiri. Maandishi yakitoka na alama za ajabu, hifadhi faili lake upya kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Yakitangulia utani kwa sekunde moja, watu watacheka kabla ya mwigizaji kusema, na hilo ni kosa baya kuliko kukosa tafsiri kabisa.

Kibanda cha mabati mvua ikinyesha hakina dawa. Ukiongeza sauti utashindana na mbingu. Hapo badilisha filamu, weka Evil Dead II au nyingine inayoeleweka kwa macho, na uwaambie watu ukweli.

Mtafsiri

Sehemu kubwa ya watazamaji hawatasoma maandishi ya Kiingereza, kwa hiyo mtafsiri wa papo kwa papo ndiye anayebeba usiku. Mzuri wa filamu za mapigano si lazima awe mzuri hapa. Kule anaongea bila kupumua na watu wanapenda. Huku thamani yake iko pale anaponyamaza.

Aitazame filamu mara mbili akiwa na daftari, aandike dakika na kazi yake. Mstari mmoja wa daftari uwe hivi: «0:41 anaingia stoo, sema anatafuta tochi, kisha KIMYA mpaka paka aruke.» Kwenye kila kimya anazima swichi ya kipaza sauti, maana hata pumzi yake itasikika. Anapotafsiri, sauti ya filamu ishushwe nusu na mtu wa pili aliyekaa kwenye kitasa. Mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili.

Utani autafsiri kabla haujakamilika au auache. Akirudia utani baada ya watu wanaojua Kiingereza kucheka, waliobaki wanacheka kwa aibu. Watu wakiangua kicheko, asiongee juu yake na filamu isisimamishwe. Watengenezaji wengi waliacha nafasi hapo makusudi.

Utangulizi uwe mfupi: «Wazee shikamooni, ndugu zangu karibuni. Leo maiti zinaruka. Ukitaka isikuone, bana pumzi. Ikibandikwa karatasi usoni inasimama, karatasi ikidondoka, shauri yako. Twende.» Inatosha.

Zombi akiitwa msukule, kila mtu anaelewa papo hapo, lakini msukule tunaoujua ni mtu aliyechukuliwa akafanyishwe kazi, hali watu. Aongeze sentensi moja: «huyu wa wazungu anauma, na ukiumwa nawe umekuwa yeye.»

Kuna mpaka mmoja usiovukwa. Kanda hii ya magharibi imeona vikongwe wakiuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu tu ya macho mekundu, na watu wenye ualbino wakiwindwa. Mtafsiri asimfananishe mzuka na bibi wa mtaani, asitaje jina la mtu, nyumba wala mtaa, hata kama ukumbi unamchochea. Kicheko cha dakika moja kinaweza kumfuata mtu mpaka mlangoni kwake. Amtanie mwigizaji, amtanie mwenye kibanda, ajitanie mwenyewe.

Umeme

Projekta ya taa inakula wati 250 hadi 300, kompyuta mpakato 65, sabufa kama 80. Jumla haizidi 450, kwa hiyo jenereta ndogo ya wati 900 inatosha, ila usiongeze friji ya soda. Kama ni ya kuchanganya mafuta, fuata kibandiko chake. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita moja ya petroli inataka mililita 20 za oili. Iweke mita 20 mbali, nyuma ya nyumba, upande ambao upepo unachukua moshi na mlio, kamwe isiwe ndani au dirishani. Kwa umbali huo tumia waya wa milimita 2.5 za mraba. Mwembamba sana unaweza kupata moto na kupunguza umeme unaofika kwenye projekta. Moshi wa jenereta unaua bila harufu kali, usibishane nao.

Hata kama unatumia umeme wa TANESCO, uwe na UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, kwa ajili ya projekta tu. Umeme ukikatika, UPS ya VA 650 inakupa dakika chache za kuizima kwa utaratibu. Taa ya projekta ikizimwa ghafla ikiwa ya moto, feni halijaipoza, maisha yake yanapungua, na taa mpya inaweza kugharimu karibu nusu ya bei ya projekta iliyotumika. Mwenye kitasa aandike dakika mliyofikia. Umeme ukirudi, rudisha filamu nyuma dakika tatu, si sekunde kumi. Woga unajengwa upya kutoka chini.

Filamu ikiisha, acha majina yapite huku muziki ukisikika na uwashe balbu zote za njiani kabla ya kufungua mlango, kwa kuwa kuna watoto wakubwa wasioafiki kutoka gizani lakini hawatasema. Watangazie wa njia moja waondoke pamoja. Projekta izimwe kwa kitufe, feni lizunguke mpaka lisimame lenyewe, ndipo uchomoe waya.